Boott Cotton Mills Museum, Lowell: anzeni na chumba cha mitambo

Watu wangu wa Lowell, hapa Massachusetts, Marekani, na nyinyi wa Lawrence na Worcester pia, kuna jambo linanishinda kuelewa. Tunaishi kwa huu mji, tunapita kando ya ile mifereji kila siku tukienda shifti, wengine tumepanga fleti ndani ya yale majengo ya matofali mekundu ambayo zamani yalikuwa viwanda, alafu unapata mtu amekaa hapa miaka na miaka hajawahi kukanyaga Boott, hii makumbusho ya kiwanda cha zamani cha pamba. Mgeni akitoka nyumbani tunamkimbiza Boston, apelekwe Harvard ashike kiatu cha ile sanamu, apigwe picha, turudi. Na hapa hapa katikati ya mji, John Street, kuna kitu cha maana kuliko hayo yote. Hii rivyu ni ndefu, nawaambia mapema, kama una haraka chukua hili moja: nendeni, na muanze na chumba cha mitambo kule chini kabla hamjasoma bango lolote.

Boott ilianzishwa 1835, ilikuwa moja ya zile kampuni kubwa za pamba zilizojenga Lowell, na ilifungwa 1955. Sehemu yake leo ni makumbusho ya serikali chini ya National Park Service, wale marenja wa kofia pana, na kwingine kote ni ofisi na fleti za watu.

Sasa chumba cha mitambo. Ukifika mlangoni kuna vizibo vya masikio. Chukua, usijifanye mwanaume. Ndani kuna mitambo ya kufumia 88, ya mwanzo mwanzo wa karne ya 20, imepangwa safu kwa safu mpaka mwisho wa ukumbi, na juu kwa dari kuna vyuma virefu vinazunguka na mikanda ya ngozi inashuka kutoka huko inaendesha kila mtambo. Hawaiwashi yote. Wanawasha michache tu kwa wakati mmoja na hiyo michache inatosha kabisa, sauti haiji kwa masikio peke yake, inapanda kwa soli ya kiatu mpaka magotini, maongezi yanaisha hapo hapo mnabaki kuoneshana kwa vidole. Piga hesabu mwenyewe ikiwaka yote, na ghorofa ya juu hivo hivo, na ya juu yake tena, madirisha yamefungwa, hewa imejazwa mvuke makusudi ndio uzi usikauke ukakatika, na wewe umesimama hapo tangu asubuhi mpaka jioni.

Nilikuwa na shangazi yangu, amekuja kututembelea kutoka Eldoret, na huyu mama alifanya kazi kwa kiwanda cha nguo kule nyumbani tangu akiwa msichana mpaka kikafungwa. Sikumwambia tunaenda wapi. Alivyoingia ile kelele haikumshtua hata kidogo, akatembea moja kwa moja mpaka pale wageni wanapozuiwa, akaanza kuukagua mtambo mmoja kimya kimya. Mara ule mtambo ukazima wenyewe. Sisi wengine tukadhani umeharibika, kuna mzee mmoja wa Kizungu hata akaanza kupiga makofi sijui kwa nini. Anti akanivuta karibu akaniambia sikioni, "Mama, uzi wa mtande umekatika. Si unaona kile kibati kimeanguka?" Na kweli. Kila uzi unaotoka nyuma ya mtambo umebeba kibati chembamba cha chuma, uzi ukikatika kibati kinadondoka na mtambo unasimama papo hapo. Mfanyakazi akaja, akainama, akatafuta ncha, akafunga fundo kwa vidole viwili kabla hujaona amefanya nini, akapitisha uzi na kindoano, akavuta mkono wa mtambo, kazi ikaendelea. Anti akamtikisia kichwa. Yule dada akacheka, akamwonesha kwa ishara, wewe ulikuwa unashika mingapi? Anti akainua mkono mzima na kidole kimoja. Wawili hao hawana lugha moja ya pamoja na walielewana vizuri kuliko mimi na bosi wangu.

(Kwa taarifa, wasichana wa kwanza wa Lowell walikuwa wanashika mitambo miwili. Baadaye wakaongezewa mitatu, minne, na mitambo yenyewe ikaongezwa mwendo, mshahara ukabaki pale pale au ukashuka. Hiyo mbinu kumbe ni ya zamani.)

Mwulizeni mfanyakazi au renja awaoneshe kile kichombo cha mbao chenye ncha za chuma kinachorushwa huku na huku na uzi wa mshindio. Mzigo wa uzi ukibadilishwa, zamani mfumaji alikuwa anaweka mdomo anafyonza ncha ya uzi ipite kwa kitundu. Mdomo wa huyu, kesho wa mwingine, chombo kile kile, na kifua kikuu kikatembea kiwandani. Massachusetts ilikuja kupiga marufuku 1911. Mitambo ilikuwa imefika karibu miaka tisini ikifanya kazi kwa huu mji.

Ghorofani ndiko kuna historia yenyewe, na ni nyingi, msijaribu kusoma kila kitu. Mimi nawapa ile iliyonikaa.

Francis Cabot Lowell alikuwa mfanyabiashara tajiri wa Boston. 1810 akaenda Uingereza, akakaa huko mpaka 1812, akatembezwa viwanda vya pamba kama mgeni wa heshima. Waingereza walikuwa wamekataza kabisa mashine za nguo au michoro yake kutoka nje ya nchi, kwa hivo jamaa hakuchora kitu, alikariri. Wakati wa kurudi mizigo yake ikapekuliwa, na haikupatikana kitu, manake kitu chenyewe kilikuwa kichwani. Akafika, akamchukua fundi anaitwa Paul Moody, wakaunda mtambo wao kule Waltham, na 1814 walikuwa na kiwanda ambacho pamba inaingia mlango mmoja na kitambaa kinatoka mlango mwingine. Siku hizi Wamarekani wakilia ati Wachina wanaiba teknolojia mimi huwa nanyamaza tu natabasamu. Alikufa 1817. Mji unaobeba jina lake hakuwahi kuuona, ni wenzake walionunua mashamba hapa 1821 na 1822 kwa sababu ya maporomoko ya Pawtucket, Mto Merrimack unashuka karibu mita 10 pale na hiyo ni nguvu ya bure mchana na usiku. Waairishi wakaletwa kuchimba mifereji kwa sururu na baruti, 1823 kiwanda cha kwanza kikaanza kutoa nguo, na mji uliokuwa na watu kama 2,500 mwaka 1826 ukafika 33,000 mwaka 1850, wa pili kwa ukubwa jimbo zima baada ya Boston. Watu walikuwa wanatoka Ulaya kuja kuangalia.

Waliofanyishwa kazi mwanzoni ni wasichana wa mashambani, kutoka New Hampshire, Vermont, Maine. Hosteli yao ya Boott bado iko, ng'ambo tu ya uwanja, na ina maonesho yake, msipite. Yeyote aliyesoma bodingi Kenya atajiona mle ndani: kengele kwa kila kitu, matroni, mlango kufungwa saa nne usiku, kanisa lazima, watu wanne mpaka sita kwa chumba kimoja na wawili kwa kitanda. Wakati wa joto kengele ya kwanza ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri, na wastani wa kazi ulikuwa saa 73 kwa wiki. Lakini pia msichana alikuwa anashika pesa yake mwenyewe mkononi, jambo ambalo mama yake hakuwahi, na hao wasichana hawakuwa wajinga. 1834 mshahara ulipokatwa wakatoka nje. 1836 walipopandishiwa pesa ya kulipia hosteli wakatoka tena, safari hii kama 1,500. Sarah Bagley na wenzake 1845 wakapeleka sahihi kwa bunge la jimbo wakidai kazi isizidi saa kumi kwa siku, bunge likawasikiliza vizuri sana likawanyima. Sheria yenyewe ilikuja kupita 1874, wakati wengi wa waliotia sahihi wameshazeeka.

Kuna sehemu moja nilisimama muda mrefu. Pamba ilitoka wapi? Massachusetts haioti pamba hata miche miwili. Ilitoka Kusini mwa Marekani, imevunwa na watumwa, Waafrika, na hiyo ndiyo iliyojenga haya matofali tunayoyalalia. Na sio pamba tu kuja huku, viwanda vya Lowell vilikuwa vinafuma kitambaa kigumu cha bei ya chini kinachorudishwa Kusini wavalishwe hao hao walioivuna. Charles Sumner, mwanasiasa wa hapa hapa Massachusetts, alisema wazi 1848 kwamba mabwana wa mjeledi na mabwana wa mtambo ni kitu kimoja. Anti hakusema kitu pale. Alisoma, akavua miwani, akaendelea.

Na sisi wa Afrika Mashariki tumo, ndio sehemu ambayo kama ningekuwa na usemi pale ningetundika jora zima ukutani na ramani kando yake. Meli za Salem, hapo tu mwendo wa nusu saa na kitu kwa gari, zilikuwa zinabeba kitambaa cha viwanda vya Massachusetts mpaka Unguja. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa sahihi 1833. Zinapeleka merikani, ile nyeupe isiyopaushwa ambayo bibi zetu waliijua, zinarudi na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Kutoka Unguja na Bagamoyo merikani ikapanda bara na misafara, ikawa ndio pesa yenyewe, mpagazi analipwa kwa mikono ya merikani, mtemi anadai hongo, yaani ushuru wa kupita kwake, kwa merikani. Alafu 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza huku, pamba ya Kusini ikakatika, viwanda vya Lowell vikauza pamba iliyokuwa stoo kwa bei ya juu na kufukuza maelfu ya wafanyakazi, na kule Unguja kitambaa cha Waingereza na cha Bombay kikajaza nafasi. Wamarekani hawakuirudisha ile biashara vile ilivyokuwa.

Haya, kuanguka. Hapa ndio nataka tukae kidogo maana ndio sababu nilitaka kuandika.

Ukiuliza mtu yeyote hapa mjini kwa nini viwanda vilikufa atakuambia ni Kusini, Carolina na Georgia, huko wafanyakazi walikuwa wa bei ya chini, vyama vya wafanyakazi hakuna, pamba iko nje ya dirisha. Ni kweli. Na ni kweli maji ya Merrimack yalikuwa faida kubwa wakati nguvu ni ya maji tu, ilipokuja mvuke na baadaye umeme basi kiwanda unajenga popote. Lakini hiyo ni nusu ya stori, na mimi naona ni ile nusu inayowapendeza wenye kampuni. Nani aliyeipa Kusini mashine? Lowell Machine Shop, ya mji huu huu, ilikuwa inaunda mashine na kuwauzia. Massachusetts Cotton Mills, majirani wa Boott kabisa, miaka ya 1890 walienda wakajenga kiwanda chao Lindale, Georgia, wakati cha hapa kinazeeka. Wenye hisa walikaa Boston wakichukua gawio lao mwaka hadi mwaka, pesa ya kununua mitambo mipya haipatikani, na pale ilipopatikana mashine za karne ya 20 zikabanwa ndani ya vyumba vilivyojengwa kwa mashine za miaka ya 1830. Nyanyua macho ukiwa Boott uone nguzo zilivyokaribiana utaelewa. Wafanyakazi wakati huo walikuwa wameshabadilika mara kadhaa, baada ya wasichana wa mashambani wakaja Waairishi, Wafaransa wa Kanada, Wagiriki, Wapolandi, Wareno, kila kundi linaingia kwa mshahara ambao kundi lililotangulia limeukataa.

1920 mji ulikuwa na watu kama 112,000. Miaka ya 20 ikaanza kufagia, vita vya kwanza vimeisha, oda za jeshi zimeisha, kampuni moja baada ya nyingine zikafunga hata kabla ya ule mdororo mkuu wa 1929. Watu husahau hilo. Vita vya pili vikaleta kazi kidogo, zikaisha. Boott ikavumilia mpaka 1955, na kampuni ya Merrimack, yenye kile kiwanda cha kwanza kabisa, ikafungwa miaka hiyo hiyo ya 50 na majengo yake yakabomolewa, leo ukipita huwezi jua kulikuwa na kitu. Mtaa wa Wafaransa, Little Canada, nao ukabomolewa miaka ya 60 kwa jina la maendeleo.

Nilimwuliza anti kiwanda chao kilianzaje kufa, nikitarajia aniambie mitumba. Akasema, "Mitumba ilikuja kumalizia. Sisi tulianza kuona spea haziji." Basi. Mitambo miwili inavunjwa ndio mmoja utembee, na meneja anabadilisha gari. Nani mtu wa Eldoret, Kisumu, Nanyuki au Mwanza asiyeijua hiyo?

Lowell ina sura ya pili ambayo si lazima uipate Boott lakini mtaielewa mkitoka pale. Miaka ya 70 Wang, kampuni ya kompyuta, ikahamia hapa, ikajenga ile minara mnayoiona mkiwa barabara kuu. Kazi zikarudi, wanasiasa wakaita muujiza. 1992 Wang ikafilisika. Minara iliyojengwa kwa dola kama milioni 60 ikauzwa kwa mnada 1994 kwa dola 525,000. Laki tano na kitu! Kuna watu wamenunua nyumba hapa juzi kwa zaidi ya hiyo. Na bado mji haukufa, kwa sababu hesabu ya 2020 ilikuta watu zaidi ya 115,000, wamepita wale wa 1920. Wakambodia walikuja kwa maelfu baada ya mauaji ya kwao, ni jamii ya pili kwa ukubwa Marekani nzima baada ya Long Beach, na sisi nasi tuko hapa na makanisa yetu na maduka ya unga na royco. Makumbusho yenyewe isingekuwepo kama mwalimu mmoja, Patrick Mogan, hangesumbua watu miaka na miaka akisema haya magofu ni mali, na Paul Tsongas, kijana wa mji, akasukuma Congress mpaka sheria ikapita Juni 1978. Kabla ya hapo kulikuwa na mazungumzo ya kufukia mifereji.

Ya kiutendaji sasa. Anzeni kituo cha wageni, 246 Market Street, hakina kiingilio, pateni ramani na mjue siku hiyo nini kiko wazi maana majira ya baridi wanapunguza. Kutoka hapo hadi Boott ni mwendo wa miguu. Watoto wadogo sana wasiingizwe chumba cha mitambo bila vizibo, nimeona mmoja akilia mpaka wakatoka. Kahawa tulikunywa mkahawa mmoja wa karibu ambao sitautaja, ilikuja baridi na wakaweka bakshishi wenyewe kwenye bili, mbebe chupa yenu ya chai.

Duka la chini linauza taulo za jikoni zilizofumwa kwa mitambo ile ile. Anti aliigeuza moja nyuma mbele, akavuta kona kwa kona, akapitisha ukucha kwenye ukingo, mwenye duka anamwangalia tu, akasema imekazwa vizuri lakini hiyo bei Eldoret hakuna mtu angenunua. Akanunua mbili.

Wakati wa joto kuna safari ya boti kwenye mifereji, hiyo inalipiwa na naipa nyota tano peke yake. Inawapitisha kwenye lango kubwa la mbao alilojenga mhandisi James Francis mwaka 1850, limening'inizwa juu ya mfereji, watu wa mji wakamcheka ati ni upuuzi wa Francis. 1852 mto ukafurika, wakakata chuma kilicholishikilia, lango likaanguka, mji ukapona. 1936 yakaja mafuriko makubwa zaidi, lango lile lile likashushwa tena na likafanya kazi. Boott yenyewe naipa nyota nne na nusu, hiyo nusu nitawarudishia siku watakayotundika merikani. Tiketi za boti kateni mapema, viti ni vichache, na kaeni upande wa mbele ndio mlione lango kwa chini.